Kahawa Isiyotafunwa

Mtu akikukatia migomba hajakuibia. Mwizi anachukua mkungu, anaacha shina, na mwakani utakula. Lakini anayekata shina lenye mkungu mchanga anataka usile kabisa, na huku kwetu Kahororo wazee wanamweka mtu huyo benchi moja na muuaji. Asubuhi ile nilipoingia shambani na kukuta migomba yangu imelala chini, utomvu bado unachuruzika, sikulia. Nilisimama pale na kikapu changu nikaanza kuwapitia maadui zangu mmoja mmoja.

Ninao wa kutosha. Niliolewa Ngenge, wilaya ya Muleba, na mume wangu Rugambwa alipofariki ndugu zake walisema nimemwekea kitu kwenye uji. Hawakunipeleka polisi wala mahakamani. Waliacha tu kupokea chakula mkononi mwangu. Nikipika, hawali. Nikisalimia, wanatazama mawinguni. Adhabu ya namna hiyo haina hakimu wala rufaa, na mtu anaweza kuitumikia mpaka afe. Nikafunga masufuria yangu nikarudi kwa baba.

Baba yangu, Ta Kamala, alinipokea, kisha akafanya jambo ambalo ukoo wetu haujawahi kulifanya. Alinigawia mimi, binti, kipande cha kibanja, shamba letu la migomba na kahawa. Ilikuwa jioni. Tulitembea kati ya migomba yeye, mimi na kaka yangu Privatus, na mzee akanyoosha fimbo: kuanzia mbuni ule mkongwe wa kahawa, kupita kichuguu, mpaka pale unapoanza mteremko. Hakuweka alama yoyote. Alisema mvua zikianza atapanda milamula, ile mimea yetu ya mpaka, na hapo ndipo atawaambia watu. Privatus aliitikia vizuri tu. "Sawa, Tata. Umeamua," alisema, akaniuliza kama nitahitaji mbolea.

Kwa hiyo asubuhi ile sikuwaza watu wa nyumbani. Niliwaza bondeni, kwa Fundi Muhidini.

Muhidini ni fundi cherehani, ana kibaraza chake pale sokoni Bukoba mjini. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye alizaliwa hapa, na Kihaya anakisema kuwashinda watoto wetu. Mwaka jana aligombana na baba kwa sababu ya maji ya bati lake yaliyokuwa yanamomonyoa ukingo wa chini wa kibanja chetu. Baba, kwa hasira za kizee, akamwita mtu wa kuja. Yule bwana akaapa mbele za watu, kwa jina la Mungu, kwamba hatakanyaga tena ua wa Kamala mpaka kufa kwake. Na kweli hakukanyaga. Hata baba alipolazwa, Muhidini alimtuma mkewe Shamsia na chupa ya uji, yeye akabaki barabarani. Sasa niambie, wewe ungemwaza nani?

Nilipomleta baba aone, alitembea polepole kutoka shina hadi shina, akazigusa zile sehemu zilizokatwa kwa vidole. Alifika mwisho, akasimama, akatazama mteremko kwa muda mrefu. Nilimwambia ni Muhidini. Hakujibu. Privatus alikuwa amefika, amevaa gambuti, akasema tuwaite vijana. Baba akasema hapana. "Waiteni majirani," alisema. "Tutatafuna kahawa."

Kahawa ya kutafuna si ya kinywaji. Ni buni zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri, zikakaushwa na ganda lake, na kila nyumba inayojiheshimu ina kikapu kidogo cha kumpa mgeni. Unapokea, unatia mdomoni, unatafuna. Ukiikataa umetangaza uadui. Na ikipitishwa kwa sababu maalumu, kama siku ile, anayetafuna anasema mbele ya wote kwamba hana ubaya na nyumba ile. Vijana wanacheka wakisikia hivyo. Lakini sijaona kijana aliyewahi kuthubutu kuitema.

Majirani walikuja kesho yake alasiri, wakajaa uani. Privatus ni mzee wa kanisa, hivyo sala ilikuwa yake. Aliomba kwa kirefu. Alimwomba Bwana aufunue uovu uliofichika, autoe mwiba katikati ya kundi, na ampe baba yetu moyo wa kusamehe. Consolata, jirani yetu aliyezaliwa Kashozi na ni Mkatoliki mpaka kwenye kucha, alinigusa kiwiko. "Nyie Walutheri," alininong'oneza, "sisi tunamnong'oneza padri dirishani, nyie mpaka mkutano." Nilikuwa karibu kucheka. Ndipo Muhidini akaingia.

Alivua viatu langoni kama mtu anayeingia msikitini, akasimama kidogo, kisha akakanyaga. Watu wote walimwona akikanyaga. Wote walikumbuka kile kiapo, nami nilikikumbuka kuliko wote. Nikajiuliza: mtu amemwapia Mungu kwamba haji, leo kimemleta nini? Hofu, nikajijibu. Asiyekuwepo ndiye anayeshukiwa, kwa hiyo amekuja kuonekana.

"Pole, Mzee Kamala," alisema. "Hili lililokupata si la kibinadamu."

"Asante, Fundi," alisema baba. "Kaa."

Kikapu kikaanza safari. Baba alitafuna wa kwanza, maana mwenye nyumba hutangulia. Mugisha, mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana, akatafuna. Consolata akatafuna. Privatus alichukua mbili, akazitafuna kwa nguvu, mataya yakipanda na kushuka, huku akimtazama baba. Kikapu kikafika kwa Muhidini. Alichukua buni moja kwa mkono wa kulia, akashukuru, akafumba mkono.

Mimi natazama mikono ya watu. Ngenge ndiko walikonifundisha. Niliona mkono ukibaki umefumbwa juu ya goti, kikapu kikaenda mbele, na kila mtu alipogeuza macho, mkono ukaingia mfuko wa shati na kutoka mtupu.

"Fundi," nilisema, "mbona hutafuni?"

Muhidini alinitazama kwa upole ulioniudhi.

"Nimeipokea, Ma Joanitha. Nitaitafuna."

"Lini?"

"Wakati wake ukifika."

Hakuongeza neno. Mugisha ndiye aliyeongeza. "Aliapa haingii, ameingia," alisema. "Amepokea kahawa, hatafuni. Jamani, mnataka Mungu ashuke na barua?" Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mmoja alisema hata Korani inakataza kuapa uongo. Mwingine alisema kahawa iliyofichwa inapelekwa kwa mganga, na mwenye kikapu hamalizi mwaka. Privatus alinyoosha mkono kuwatuliza. "Tusihukumu ndugu," alisema. "Hukumu ni ya Mungu. Ila chama kina taratibu zake."

Wakakubaliana kukutana Jumapili baada ya ibada kumwondoa Muhidini chamani. Kuanzia hapo hakuna kumsalimia, kumpa moto, wala kwenda msibani kwake. Kabla hajafika kwake bondeni, mtu alikuwa ameshamtoa kwenye kundi la simu. Nilifurahi. Sitasema vinginevyo.

Lakini ile habari ya mganga ilinikaa kichwani. Jua lilipoanza kuzama nilishuka hadi mpakani, nikajibanza nyuma ya milamula ya zamani inayotenga kibanja na ua wa Muhidini. Nilitaka kuona kahawa ya baba yangu inakwenda wapi. Nilikuwa nimejiandaa kumfuata mpaka kwa huyo mganga.

Muhidini alikuwa ameketi kwenye ngazi za mlango wake, kikombe cha maji pembeni. Hakuwa na haraka. Shamsia alitoka na sahani iliyofunikwa, akaiweka chini, akakaa naye. Adhana ilipopanda kutoka mjini, yule bwana aliingiza mkono mfukoni, akatoa buni yetu, akaipangusa, akasema bismillahi, akaitia mdomoni. Aliitafuna mpaka ikaisha. Ndipo akanywa maji.

Nilitoka kwenye ile milamula bila kufikiri. Shamsia alishtuka, akasimama.

"Ulikuwa umefunga," nilisema.

"Karibu, Ma Joanitha," alisema Muhidini. "Pitia njia, hapo kuna upupu."

"Ramadhani ilikwisha zamani. Umefunga nini?"

Shamsia ndiye aliyesema, na alisema kwa hasira, maana na yeye ni mtu. "Anafunga kafara. Aliapa kwa Mungu hatakanyaga kwenu. Mlipopatwa na jambo hili akasema hawezi kukaa ndani jirani amekatiwa migomba. Akaenda kwa shehe. Shehe akamwambia, ukiapa jambo kisha ukaona la heri kuliko kiapo chako, fanya la heri, ulipe kafara. Ni kulisha maskini kumi, na asiyeweza afunge siku tatu. Kulisha hatuwezi. Leo ni ya kwanza."

"Ungesema tu pale," nilimwambia Muhidini. "Neno moja tu."

"Ningesema nini? Kwamba nimefunga ili niweze kuja kwenu? Ingekuwa nawasimanga. Na funga ni yangu na Mungu, siwezi kuifanya shahidi wangu barazani." Akapangusa midomo. "Halafu, mngeamini?"

Tusingeamini. Mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kusema amepata kisingizio.

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka aliponiita. "Ma Joanitha, sijui nani amekata. Lakini mimi ningetaka kumkomesha mzee, ningeanza na migomba hii ya mpakani hapa, naifikia na panga nikiwa kwangu. Huyu alipita yote hii akaenda katikati. Alijua anachokifuata."

Nilipanda kibanja na mwanga kidogo uliokuwa umebaki. Nilianzia kwenye mbuni mkongwe. Migomba iliyo nyuma yake ilikuwa imesimama, ya mbele yake imelala. Nikapita kichuguu. Nikafika panapoanza mteremko, na pale ukataji ulikoma, umenyooka pale pale ilipokuwa imesimama fimbo ya baba. Hakuna hata shina moja lililokatwa nje ya kipande changu, na hakuna hata moja ndani yake lililoachwa. Hapakuwa na alama. Mtu wa nje angejuaje? Tuliouona mpaka ule jioni ile tulikuwa baba, mimi, na Privatus.

Nilikaa chini kwenye majani. Nilikumbuka namna baba alivyosimama pale pale asubuhi ile akitazama, na namna alivyokataa kunijibu. Nikaelewa kwamba ameshajua.

Nilimkuta sebuleni, redio imezimwa, ebitoke, ndizi zetu za kupika, zimepoa kwenye sahani.

"Tata, ulijua."

"Nilijua asubuhi ile ile, mwana wange."

"Sasa kahawa ilikuwa ya nini?"

"Nilitaka imshinde," alisema. "Marehemu baba alikuwa anatuambia kahawa ya uongo haimezeki. Nilidhani ikifika kwake ataanguka magoti, tumalize. Nikamtazama akitafuna. Kumbe inamezeka."

"Na Muhidini?"

"Ataumia kidogo. Watu watasahau."

"Ngenge hawajasahau."

Hapo alinitazama, na machozi yalimlenga, lakini mimi sikuwa na huruma siku ile. Nilimwambia kuhusu kafara, nikamweleza jinsi Fundi alivyofuturu kwa buni ile. Alitikisa kichwa kila neno. Kisha akasema kitu ambacho bado kinanikera. Alisema Privatus ni msika wake, mrithi, ndiye atakayemzika na kusimama kaburini, na mzee hawezi kumvua nguo mtu atakayemvika sanda. Alisema Muhidini ana Waislamu wenzake wa kumzika.

"Basi nitasema mimi," nilisema.

"Ukisema wewe," alinijibu taratibu, "watasema binti anataka shamba."

Alikuwa sahihi, na alijua yuko sahihi. Neno la mjane aliyerudi nyumbani lina uzito wa kapi. Niliondoka nikabamiza mlango. Siku zilizofuata nilimpikia, nikamtengea, na sikumwambia lolote. Nilikuwa namshuku hata baba yangu mzazi, kila akikohoa nilidhani anajifanya mgonjwa ili Jumapili ipite. Shamsia alipita dukani, watu wakamgeuzia visogo, nami nikaona anavyobeba kikapu chake kichwa kimenyooka. Niliijua vizuri shingo ile, maana nilitembea nayo Ngenge.

Jumapili Privatus alisoma somo la kwanza kanisani kwa sauti safi. Mchungaji alihubiri juu ya rehema. Mimi nilikuwa nawaza panga la Privatus lilivyokuwa limenolewa vizuri wiki ile, na namna alivyoniuliza habari ya mbolea.

Kikao kilikuwa uani kwetu, kwa kuwa sisi ndio tuliokosewa. Mugisha alifungua. Muhidini alikuwa amesimama nje ya lango, hakukaribishwa, mikono nyuma. Kabla Mugisha hajafika kwenye hoja, baba aliinuka kwa fimbo yake, akaingia ndani, akatoka na kikapu cha kahawa.

"Ta Kamala waitu," Mugisha alisema, "si tulishatafuna?"

"Tutatafuna tena," alisema baba. "Mwiteni Fundi aingie."

Watu walinung'unika, lakini nani atambishia mzee uani kwake? Muhidini akavua viatu, akaingia. Baba alitafuna yake, kisha hakumtuma mtu kupitisha. Alizunguka mwenyewe, mgongo umepinda, kikapu mikononi. Alianza na Muhidini.

"Kafara yako imekwisha, Fundi?"

"Imekwisha, Mzee."

"Chukua."

Muhidini alichukua buni mbili, moja akaitia mdomoni akaitafuna mchana kweupe, watu wote wakitazama. Wapo walioelewa na wapo waliokuwa wakiulizana kafara gani. Baba akaendelea. Mugisha. Consolata. Mimi. Mzee alikuwa akivuta kamasi kama mtu mwenye mafua. Akafika kwa Privatus. Kaka yangu alikuwa ameshanyoosha mkono, kiganja wazi, kama siku ile.

Baba akampita, akampa aliyeketi baada yake.

"Ta," Mugisha alisema kwa sauti ya chini, "umemsahau Privatus."

"Sijamsahau."

Mkono wa Privatus ulibaki umenyooshwa, hauwezi kurudi wala kubaki. Watu walianza kutazama chini mmoja baada ya mwingine, na kwa namna walivyotazama chini nilijua wameelewa. Nilikuwa nimeisubiri dakika ile kwa njaa. Nilitaka asimame aseme. Nilitaka afukuzwe, atolewe chamani na kwenye kundi la simu, avuliwe uzee wa kanisa, ajue Ngenge ilivyo. Kama Mungu ana rehema, nilisema moyoni, aiweke akiba kwanza.

Muhidini ndiye aliyeinuka. Ile buni ya pili alikuwa bado nayo. Aliimenya ganda kwa kucha, na ndani zilikuwa punje mbili zimelaliana, kama zilivyo buni zote. Zamani, wazee wetu wakitaka kuwa ndugu wa kufa na kuzikana, waligawana punje hizo, mmoja moja, mwenzake moja. Muhidini aliweka punje moja mdomoni mwake. Nyingine akaiweka kwenye kiganja cha Privatus kilichokuwa bado wazi, akarudi kuketi.

Nilikasirika. Sikutaka apewe. Nilimwona Muhidini amenidhulumu adhabu niliyokuwa nimeshaikata.

Privatus aliitazama punje ile. Akafumba mkono. Aliondoka uani bila kumuaga mtu, na mimi nikamfuata mpaka langoni, maana nilitaka kuyaona yale mataya yaliyotafuna kwa nguvu wiki iliyopita. Yalikuwa yametulia. Ngumi yake ilikuwa bado imefumbwa.

"Privatus," nilisema, "mbona hutafuni?"

Midomo yake ilifunguka. Nilijua anachotafuta kusema, maana Fundi alikuwa ameshalitoa jibu lile uani kwetu, wakati wake ukifika, lakini lilikataa kumtoka. Aliteremka barabarani kuelekea kwake, mkono mmoja unapepea anavyotembea, mwingine umefumbwa ubavuni, nami nilisimama pale langoni nikautazama ule uliofumbwa mpaka akakata kona.